Mama wa Malampi Alivyonilelea Sifa

Ungeshuka kutoka barabara ya lami kuelekea mahali mashua zinapofikia hapa Nchelenge, ukamwambia mtu yeyote kwamba taa yako haiwaki, angekuelekeza kwa mwanamke mmoja tu. Sisi tuliovuka ziwa kutoka Kongo tulimwita Mama wa Malampi, yaani wa taa. Wabemba nao walimwita bamayo ba malampi, kwa hiyo jina lake halikubadilika ukibadili lugha. Kibanda chake sasa kina mtu mwingine, yeye amerudi ng'ambo ya ziwa kwa watu wake. Alizaliwa wapi, na mwaka gani, sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba alinisaidia kumlea mtoto wangu kwa miaka sita, na kwamba siku nyingine nilimpenda na siku nyingine nilitamani sauti imkauke.

Maana sauti alikuwa nayo. Ungemsikia kabla hujamwona. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na miwani yake aliifunga nyuma ya kichwa kwa kamba ya wavu ili isianguke akiinama. Kazi yake kubwa ilikuwa taa za wavuvi wa chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika ufukweni. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakakusanyika kwenye mwanga, kisha wavu unainuliwa na kuwakomba. Zamani zilikuwa taa za mafuta. Siku hizi ni betri na vitaa vidogo vya umeme vilivyofungwa ndani ya bomba la plastiki, na bora kuliko zote zilikuwa zake. Redio, simu na chaja za sola alizitengeneza pia, lakini kwa kununa kidogo, kama mpishi wa harusi aliyeombwa kuchemsha chai.

Nilimwendea kwa sababu ya Sifa, binti yangu. Sina mtoto mwingine. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kufungua tochi yetu, redio ya jirani na simu yangu ya biashara, ile ninayowapigia wanunuzi wa samaki. Tochi na redio alizirudisha zikiwa nzima. Simu ilirudi ikiwa nzima pia, ila namba zote zimefutika, nikalia siku mbili. Lakini si hilo lililonitisha. Kilichonitisha ni kwamba mgeni angeingia, akaketi, akanywa maji, akaaga, na Sifa asiinue kichwa. Chakula kilipoa mbele yake. Watoto wenzake walikuja kumwita mara tatu, mara nne, kisha wakaacha kuja. Wifi yangu aliyetoka Puta kututembelea aliniambia mbele yake, "Huyu mutoto anakuwa muzungu." Sifa hakumsikia, alikuwa anahesabu nyaya.

Basi nilikuwa na hofu mbili. Nikimnyima vyombo, nitaua kipaji alichopewa na Mungu. Nikimwachia, kipaji kitammeza, nibaki na fundi hodari asiyejua kuishi na watu. Wazazi wa siku hizi wananielewa. Asubuhi moja nilimshika mkono nikampeleka kwa Mama wa Malampi.

Kibandani tulikuta wavuvi wawili wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Sifa alipita katikati yao moja kwa moja, macho kwenye chuma cha kuchomelea.

"Weye mutoto," Mama wa Malampi akasema, "hauone batu hapa?"

"Naona."

"Bon. Salimia batu kwanza. Kisha utaangalia bintu."

Sifa akageuka, akapiga goti, akawaambia wale wavuvi "Mwapoleni mukwai" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Mama wa Malampi akaniangalia juu ya miwani. "Mama Sifa, huyu nitamukamata. Lakini usikuye hapa kunililia juu ya mikono muchafu."

Alikuwa na desturi moja ambayo wateja wengine waliiona ni usumbufu. Hakufungua chombo kabla hajasikia habari zake. Nani anakitumia? Saa ngapi? Kinakaa wapi ndani ya nyumba? Kiliacha kufanya kazi siku gani, na siku hiyo kulikuwa na nini? Sifa alitakiwa kusikiliza yote, kisha kuyarudia mbele ya mwenye chombo bila kukosea, ndipo akabidhiwe bisibisi. Mwanzoni aliniambia nyumbani kwamba yule mama anapoteza wakati, mashine haina habari, ina waya tu.

Siku moja mzee mmoja wa Kafutuma alileta simu. Ugonjwa wake: hailii. Sifa akaifungua kwa haraka, Mama wa Malampi akiwa amemgeukia mteja mwingine. Akapima spika, nzima. Akapima betri, nzima. Akaifunga, akaifungua tena, akaanza kutoka jasho. Mama wa Malampi akaja, akavuta ndoo, akakaa karibu na yule mzee.

"Baba, ni nani alikuwa anakupigia?"

 Mzee akasema ni mtoto wake, yuko migodini, alikuwa anapiga kila mwisho wa mwezi.

"Na sasa?"

"Sasa hailii."

Mama wa Malampi akamwagiza Sifa kuifunga simu, akachukua yake mwenyewe, akaomba namba ya mzee, akaipiga. Simu ya mzee ikalia kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Mzee akacheka, lakini macho hayakucheka. Mama wa Malampi hakumtoza chochote. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Sifa alitumwa kumpigia mzee wa Kafutuma na kumwuliza hali ya mihogo yake. Wiki za kwanza alifanya kwa amri. Kufika mwisho wa mwaka nilimkuta anampigia siku ya Jumatano, mwenyewe, akitaka kujua kama mbuzi amezaa.

Msije mkadhani Mama wa Malampi alikuwa malaika. Alihubiri subira huku anarusha bisibisi. Alisema uongo ni dhambi mbaya kuliko zote, na umri wake aliupunguza kila alipoulizwa, mpaka mwaka mmoja akawa mdogo kwangu. Simu kubwa za kisasa alizilaani: zinaharibu shingo, zinaharibu macho, mtoto asipewe zaidi ya saa moja kwa siku. Yeye mwenyewe alikuwa nayo, ameificha ndani ya kopo la unga, na mchana watu wakipungua alikuwa anaangalia kwaya za Lubumbashi na watu wanaopigana mieleka. Sifa, aliyekuwa akimwita kambo, yaani bibi, akamkamata. Nilikuwepo.

"Kambo, umesema inaharibu shingo!"

"Ya kwangu imekwisha kuharibika," akajibu bila kuona haya. "Ya kwako ingali muzima. Iweke vilevile."

Na kitu kingine kilichotuchekesha: mwanamke huyu aliyelisha nusu ya wavuvi wa Nchelenge kwa kazi ya mikono yake alikuwa anaogopa maji. Hakunawa miguu ziwani. Alivuka kutoka Kongo mara moja, siku ya kukimbia vita, akiwa amefunikwa kitenge kichwani, na kwa miaka mingi hakupanda tena mashua.

Tuligombana vikali mara moja tu, na ilikuwa juu ya miezi ya kufungwa kwa ziwa. Kila mwaka serikali husimamisha uvuvi ili samaki wazae. Nyavu zinashonwa, mashua zinazibwa, watu wanaenda mashambani. Mama wa Malampi naye alifunga. Alikifunika chuma cha kuchomelea kwa kitenge, akakiweka juu ya kabati, na Sifa hakuruhusiwa kushika hata waya wa redio. Miezi mitatu mizima! Sifa aliimba kwaya. Alishona nyavu na wake za wavuvi, ambao hawafichi maneno yao kwa ajili ya mtoto. Alilima mihogo, alitwanga, aliwasomea wazee karatasi zao za kliniki, alijifunza Kibemba cha utani, kile ambacho shule haifundishi. Mwaka wa kwanza alilia usiku na mchana. Mwaka wa tatu, shuleni kwao wakatangaza maonyesho ya ubunifu, na maonyesho yakaangukia katikati ya miezi ile.

Nikaenda kumwona Mama wa Malampi, nimekasirika. Nikamwambia watoto wa mijini wana kompyuta tangu wadogo, huyu wangu unamtwangisha mihogo. Atafika chuoni lini?

"Atafika," akasema.

"Kwa kutwanga?"

"Mama Sifa, ziwa inapumuzika, haikufe. Mutoto atakufa?"

"Unamrudisha nyuma!"

"Minamurudisha ku batu. Uliniletea yeye juu ya nini? Umesahabu?"

Sikuwa nimesahau. Niliondoka bila kuaga, nikakaa wiki mbili bila kupita mbele ya kibanda chake. Nikasikia baadaye kwamba katika wiki hizo hizo muuguzi mmoja alileta taa ya chumba cha kujifungulia, na Mama wa Malampi akaifungua usiku uleule, ziwa likiwa limefungwa, sheria ikiwa yake mwenyewe. Nilipomwuliza akasema mtoto anayezaliwa hajui kalenda. Sifa alikwenda kwenye maonyesho na taa aliyokuwa ameimaliza kabla ya ziwa kufungwa, akashika nafasi ya pili, na akarudi akizungumza zaidi juu ya marafiki aliowapata kuliko juu ya zawadi. Hapo hasira ikanipungua, ingawa sikukiri.

Kosa kubwa lilikuja alipokuwa na miaka kumi na sita.

Sifa alikuwa ametengeneza taa za namna mpya. Aliona kwamba betri nyingi zinaletwa zimekufa kwa sababu wavuvi wanaziacha ziwake mpaka tone la mwisho. Akaweka ndani ya taa kifaa kidogo cha kuhesabu saa: ikishawaka saa saba, taa inajizima yenyewe, betri inapona. Juu ya meza ilikuwa kazi ya kupendeza. Mama wa Malampi aliigeuzageuza mkononi, na nilimwona uso umemjaa fahari. Akatoa taa nne kwa mashua nne siku hiyohiyo. Hakuuliza kitu.

Asubuhi wavuvi walirudi na vikapu vitupu. Upepo ulikuwa umewachelewesha kushusha wavu, taa zikiwa zinawaka, wakangoja samaki wakusanyike vizuri, na samaki walikuwa wamekusanyika kweli, wengi kuliko wiki nzima. Ndipo taa zote nne zikazimika, moja baada ya nyingine, wavu ukiwa bado chini. Chisense wakatawanyika. Mashua mbili zilikaribia kugongana kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake. Walikuja kibandani wanne pamoja, na wake zao nyuma, na maneno waliyosema sitayaandika.

Sifa alisimama mbele yao. Akaanza kuwaeleza habari za betri. Betri! Mke mmoja akamwambia, "Awe, mayo, hapana. Usinifundishe betri. Watoto wangu watakula betri?"

Nilitaka kumtoa pale. Mama wa Malampi akanizuia kwa mkono. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Alivua miwani, akawaambia wale wavuvi kwa Kibemba chake kibaya kwamba kosa ni lake. Yeye ndiye anayeuliza habari za chombo kabla ya kukigusa, na safari hii hakuuliza kwa sababu alipenda mtoto wake aonekane hodari. Alisema "mtoto wangu". Nilisikia, na ikanichoma.

Wavuvi walipoondoka akamgeukia Sifa.

"Uliuliza betri inataka nini. Mi pia. Hakuna mwenye aliuliza batu."

"Nitatoa kile kifaa, kambo."

"Utakitoa. Lakini kwanza utaenda ku nyumba yao, zote ine. Haukuende na taa. Unaenda na mikono."

Sifa alikwenda. Wiki moja nzima aliamka na wake wa wale wavuvi, akaanika chisense wa mashua nyingine pamoja nao, akafukuza ndege, akabeba maji. Siku ya kwanza hawakumsemesha. Siku ya tatu yule mke wa maneno ya betri alimpa kiti. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wanamweleza kila kitu: upepo unaofanya nini, kwa nini mwenye taa ya mwisho hazimi mpaka mwenzake amwitikie, namna mume anavyojua kwa harufu kwamba samaki wamefika. Sifa aliandika yote kwenye daftari la shule.

Kisha Mama wa Malampi akatangaza kwamba hata hilo halitoshi, na kwamba wote wawili wanakwenda kisiwani Chisenga kuwaona wavuvi kambini mwao. Kwa mashua. Habari ilizunguka ufukwe wote kabla ya saa nne, na watu walikuja kutazama kama wanakuja kuaga. Alipanda akiwa amefumba macho, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anaimba wimbo wa mazishi. Sifa aliniambia kwamba alitapika kwenda na kutapika kurudi, na kwamba katikati, alipokuwa na nguvu kidogo, alimwuliza nahodha maswali kuhusu injini. Taa iliyotoka katika safari ile haikujizima. Iliwaka rangi nyingine betri ilipokaribia kuchoka, na mvuvi akaamua mwenyewe. Inatumika mpaka leo kutoka hapa hadi Puta.

Nimekwisha kusema kwamba ilinichoma aliposema "mtoto wangu". Nikiri yote basi. Kwa miaka sita niliona wivu. Sifa alikuwa ananirudishia nyumbani maneno ya mwanamke mwingine, alikuna kichwa kama yeye, alikohoa kama yeye kabla ya kusema jambo zito. Mimi nilinunua daftari na sare, nilikesha akiumwa, na mtu wa malampi akapata kuitwa kambo. Lakini nilimwona pia binti yangu akiingia chumbani, akiangalia nani yumo, akienda kwanza kwa aliyekaa peke yake. Hilo sikulifundisha mimi, wala sikujua namna ya kulifundisha.

Nilimwona Mama wa Malampi mara ya mwisho mwaka huu, wiki aliyokuwa anafungasha kurudi Kongo. Macho yalikuwa yamepungua sana na mkono wa kulia ulitetemeka, kwa hiyo alikuwa amewagawia mafundi wengine vyombo vyake. Sifa alikuwa chuoni, mwaka wa kwanza wa umeme, mbali na ziwa. Nilikwenda kibandani na habari mbaya. Sifa alikuwa amenipigia asubuhi: mwenzake wa chumba alishikwa na malaria kali, hana ndugu karibu, Sifa akampeleka hospitali na kulala naye huko siku mbili. Na katika siku hizo mbili mtihani mkubwa wa vitendo ulifanyika, yeye hayupo. Asiyefanya mtihani ule anarudia mwaka.

Nilidhani atafurahi kwa ule wema. Mama wa Malampi aliruka kutoka kwenye ndoo kama amechomwa.

"Egzame? Ameacha egzame?"

"Mwenzake alikuwa anakufa."

"Hospitali iko na bauguzi! Bauguzi banafanya nini? Miaka sita, Mama Sifa! Macho yangu yote imekwishia ku huyu mutoto, na yeye anaacha egzame!"

Alizunguka kibanda, akapiga mabati kwa kiganja. Akaniambia atakayomwambia, moja baada ya jingine, na mengine yalikuwa makali mno. Mimi, ambaye miaka yote nilikuwa upande wa mitihani, nikajikuta namtetea. Nikamwambia ndivyo ulivyomlea, sasa unalia nini? Akaniambia nipige simu, haraka, aongee naye yeye.

Nikapiga. Sifa akapokea. Nikampa Mama wa Malampi simu, naye akavuta pumzi ndefu, nikajikaza kusikia matusi.

"Mwenzako anakula?" akauliza.

Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. Nilimsikia Sifa akijibu kwamba anakula, leo amekunywa uji wote, kesho wanamtoa.

"Bon. Na egzame?"

"Nitafanya Alhamisi, kambo. Nikiisha kumpigia mama asubuhi nilienda ofisini kwa mwalimu. Nilimukuta na huzuni, mama yake ni mgonjwa, tukaongea kwanza juu ya mama yake. Kisha nikamweleza yangu yote. Akasema atanipa siku yangu peke yangu."

Mama wa Malampi alifunika simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Ameenda kusema na mwalimu," akaniambia, kama vile sikuwa nimesimama pale. "Yeye mwenyewe. Na kinywa yake."

Kisha akanirudishia simu, akaniambia niongee naye, kwa kuwa mimi ndiye mama. Akakaa chini juu ya ndoo akilia, nami nikakaa karibu naye na kumwambia binti yangu asikate, tuko wote wawili hapa.